UZI: Kengele ya stoli katika ndege za abiria, na kwa nini rubani huambiwa ashushe pua ilhali ndege inaanguka

Mrukaji Mstaafu:

Wakuu, habari za jioni. Kwenye uzi mwingine wa ajali za ndege nimewaona wachangiaji watatu wanne wakiandika kwamba ndege "ilipata stoli" huku wakimaanisha kwamba injini zilizima angani. Nilitaka kujibu palepale, lakini jambo lenyewe ni refu na limewashinda hata marubani wenye maelfu ya saa za kuruka, kwa hiyo nimelifungulia uzi wake. Kabla ya kustaafu nilifundisha nadharia ya urukaji kwa wanafunzi wa urubani kwa miaka mingi, na hakuna somo lililonipa kazi kama hili.

Stoli haihusu injini. Ndege inaweza kuingia kwenye stoli injini zake zote zikinguruma kwa nguvu kamili, na ndege iliyozimikiwa injini zote inaweza kuteleza hewani kwa muda mrefu bila stoli yoyote. Stoli ni jambo la bawa. Bawa hunyanyua ndege kwa kuukabili upepo kwa pembe ndogo, na hewa hupita juu yake ikiwa imeushikilia mgongo wake hadi ukingoni. Pembe ikiongezeka, nguvu ya kunyanyua nayo huongezeka, lakini mwisho hufika mahali ambapo hewa haiwezi tena kuufuata mgongo huo. Hubanduka, huvurugika, na nguvu ya kunyanyua huporomoka. Kwa bawa la kawaida, ndege ikiwa katika mwendo mdogo, mahali hapo ni kama nyuzi 15 hivi. Wazee wa majahazi wanalijua jambo hili bila kwenda darasani: tanga likikazwa kupita linavyotaka upepo, chombo hakiongezi mwendo, kinalemaa, na dawa ni kulegeza demani, ile kamba ya tanga. Kuendelea kulikaza hakusaidii kitu.

Ninasisitiza neno pembe kwa sababu vitabu vingi, na hata baadhi ya walimu, huzungumzia "kasi ya stoli" kana kwamba ni namba moja iliyoandikwa ubavuni mwa ndege. Ukweli ni kwamba kasi hiyo hubadilika kufuatana na uzito, na jinsi ndege inavyopinda. Ndege inayopinda kwa mlalo wa nyuzi 60 bila kupoteza mwinuko hubeba mara mbili ya uzito wake, na kasi yake ya stoli hupanda kwa takriban asilimia 41. Kisichobadilika sana ni pembe. Hata hiyo nayo hupungua ndege ikiwa juu sana na ikienda karibu na kasi ya sauti, jambo ambalo nitalirudia, maana liliwagharimu watu wengi juu ya Atlantiki.

Sasa kengele. Sheria za kuidhinisha ndege za abiria, za Marekani na za Ulaya, zinadai kwamba onyo lianze kabla ya stoli yenyewe, ndege inapopunguza mwendo polepole, kwa nafasi isiyopungua noti 5 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) au asilimia 5 ya kasi, yoyote iliyo kubwa zaidi. Zinadai pia jambo ninalolipenda sana: taa peke yake haikubaliki. Onyo lisiwe kitu ambacho rubani lazima akitazame ndipo akione, kwa sababu rubani aliye karibu na stoli mara nyingi anatazama kwingine. Ndiyo maana ndege nyingi zina kitikisa-usukani, mota ndogo inayougongagonga usukani mpaka mikono yote inatetemeka na sauti yake inajaa chumba cha marubani. Ndege za Airbus zinazoendeshwa kwa kijiti cha pembeni hazina mtikisiko huo. Zenyewe hutoa sauti ya mtu inayotamka neno lenyewe la stoli, pamoja na mlio kama wa chenene. Habari hizo zote hutoka kwenye vibawa vidogo vilivyopachikwa ubavuni mwa pua, vinavyozunguka kuufuata upepo na kuiambia kompyuta pembe ni ngapi.

Onyo likisikika, kazi ya kwanza ni kupunguza pembe, yaani kushusha pua. Mwili mzima wa binadamu unakataa. Unaiona ardhi inakuja, au unahisi ndege inazama, na unaambiwa usukume usukani mbele. Lakini kuvuta ni kukaza tanga.

Niwape mfano wa karibu nasi. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310, safari namba 431, iliruka kutoka Abidjan kwenda Lagos ili hatimaye irudi Nairobi. Ilikuwa na watu 179. Magurudumu yalipoachana na ardhi, kengele ya stoli ililia. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiiendesha, akafanya alichofundishwa: akasukuma usukani mbele. Ndege ikaanza kushuka kuelekea baharini, gizani, na chini ya dakika moja baadaye ikaupiga uso wa Atlantiki. Watu 169 walikufa, 10 wakanusurika. Wachunguzi walikuta kwamba ndege haikuwa kwenye stoli hata kidogo. Kengele ilikuwa ya uongo.

---

Binti Ukerewe:

Shikamoo mzee, na asante kwa uzi. Nimesoma mpaka mwisho na nimebaki na swali linaloniumiza kichwa. Yule wa Abidjan aliisadiki kengele akaanguka. Wale wa Air France waliotoka Rio mwaka 2009, nilivyosoma, kengele iliwalilia muda mrefu hawakuisadiki, nao wakaanguka. Sasa rubani afanye nini? Akiamini anakufa, asipoamini anakufa.

---

Mrukaji Mstaafu:

Marahaba binti yangu. Umeuliza swali ambalo ndilo uzi wenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na Air France 447. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 yenye watu 228 ilikuwa futi 35,000 juu ya Atlantiki, usiku, karibu na mawingu makubwa ya ikweta. Fuwele za barafu ziliziba mirija ya pito, ile inayopima kasi kwa kupokea msukumo wa hewa. Kompyuta zilipoona vipimo vya kasi vinapingana ziliacha kuendesha ndege zenyewe, na zikaondoa pia ile kinga ambayo kwa kawaida humzuia rubani wa Airbus asiweze kuifikisha ndege kwenye stoli hata akivuta kijiti mpaka mwisho. Hapa ndipo watu wengi hujiuliza kwa nini kompyuta isizuie tu. Inazuia, lakini kwa kutegemea vipimo, na vipimo vikiharibika nayo huona heri imwachie mtu.

Rubani akavuta kijiti nyuma. Ndege ikapanda mpaka karibu futi 38,000, mahali ambapo hewa ni nyepesi na pembe ya stoli ni ndogo kuliko ile ya chini. Kengele ikalia kwa sekunde 54 mfululizo. Ndege ikaingia kwenye stoli na kuanza kushuka pua ikiwa juu, pembe ya upepo ikazidi nyuzi 40, na kwa zaidi ya dakika tatu ikazama namna hiyo mpaka majini, injini zikifanya kazi muda wote.

Lililonikosesha usingizi niliposoma ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa, iliyotoka Julai 2012, ni jambo moja dogo la kiufundi. Kasi iliyopimwa iliposhuka chini ya noti 60, kompyuta ilihesabu vipimo vya pembe kuwa haviaminiki, na kengele ikanyamaza. Rubani aliposhusha pua kidogo, kasi ilipanda juu ya noti 60, vipimo vikahesabiwa kuwa sahihi tena, na kengele ikaanza kulia upya. Fikirini hilo kwa makini: mtu anafanya jambo sahihi na anapigiwa kelele, anafanya kosa na anapewa kimya. Mbwa akifundishwa hivyo atachanganyikiwa, sembuse binadamu aliye gizani juu ya bahari.

Sasa Abidjan. Kwenye ripoti yake utaona kwamba maneno "alisukuma usukani" yanafuatana na neno jingine muhimu: alitekeleza sehemu moja tu ya utaratibu. Kuna pia kuongeza nguvu ya injini mpaka ile ya kurukia, kuweka mabawa sawa, na kuitazama ndege inafanya nini. Kipimo-redio cha mwinuko kilikuwa kikisoma futi zinazopungua. Lakini onyo la kuikaribia ardhi, ambalo pengine lingewazindua, lilifunikwa na kengele ya stoli na ile ya kasi kubwa mno, kwa kuwa kanuni za kupanga maonyo zilizipa hizo kipaumbele. Kengele ya uongo ilizima kengele ya kweli. Na kwa kuwa walirukia upande wa bahari, usiku, hapakuwa na taa wala upeo wa macho wa kuwaonyesha kwamba wanashuka.

Kwa hiyo jibu langu, binti, ni kwamba rubani asiishie kwenye kuisadiki kengele wala kuikataa. Aihoji kwa vyombo viwili ambavyo havitegemei mirija ya pito wala vibawa vya pembe. Cha kwanza ni kipimo cha mwelekeo wa pua, cha pili ni nguvu ya injini. Kila ndege ina jozi zake: pua nyuzi kadhaa, injini asilimia kadhaa, na kasi inayotokana nazo inajulikana. Aliyeruka sasa hivi kwa kasi sahihi, injini zikivuma, pua ikiwa kwenye nyuzi za kawaida za kupaa, ana sababu nzito ya kuitilia shaka kengele iliyolia sekunde ileile. Atashikilia pua na nguvu hiyo, au ataipunguza pua kidogo tu huku akiongeza injini, na jicho halitoki kwenye mwinuko. Aliye futi 37,000 pua ikiwa nyuzi 15 juu na mwinuko unaporomoka, huyo hana shaka ya kuitilia. Ndege hiyo haiwezi kuruka hivyo huko juu. Tatizo ni kwamba hoja hizi nimeziandika nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na wao walikuwa na sekunde chache.

---

Fundi wa Zana:

Mkuu, naomba niongeze la upande wetu wa karakana, maana marubani hulaumiwa sana na sisi tunasahaulika. Vile vibawa vya pembe ulivyovitaja ni vitu vidogo vinavyoonekana havina maana, na kila tunapoiosha ndege tunatakiwa tuvifunike. Tarehe 27 Novemba 2008 Airbus A320 ilianguka baharini karibu na Perpignan, Ufaransa, ikiwa kwenye safari ya majaribio na watu saba. Siku chache kabla ilikuwa imeoshwa kwa maji ili ipakwe rangi, na vibawa havikufunikwa. Maji yaliingia, ndege ilipopanda yakaganda, na vipimo viwili kati ya vitatu vikakwama kwenye pembe ileile. Kompyuta ikaviamini hivyo viwili vinavyokubaliana na kukipuuza kile kimoja kizima. Marubani walitaka kujaribu kinga ya stoli kwa kupunguza kasi, wakiwa chini kuliko inavyofaa kwa jaribio la aina hiyo, na kinga haikuja.

Mwaka 2019 ile Boeing 737 MAX ya Ethiopian iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianza na jambo la ukoo huohuo. Kipimo cha pembe cha upande wa kushoto kilitoa namba zisizowezekana mara tu baada ya kuruka, usukani wa kapteni ukatikisika mpaka mwisho, na mfumo wa kompyuta uliosadiki kipimo hicho kimoja ukawa unaisukuma pua chini. Walikufa watu 157, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote. Stoli haikuwepo. Binafsi naona aibu ya ajali ile iko kwenye meza ya wabunifu wa ndege kabla haijafika kwa rubani.

---

Mrukaji Mstaafu:

Fundi, nakushukuru, na neno lako la mwisho siliongezi kitu. Ila umenikumbusha Perpignan kwa sababu nyingine. Ndege ilipokuwa ikipunguza kasi, bawa dogo la mkiani lilikuwa limejipinda lenyewe mpaka mwisho ili kuinua pua. Kengele ilipolia, rubani aliongeza injini mpaka mwisho, nayo pua ikapaa kupita uwezo wa usukani kuishusha.

Hapa ndipo penye somo ambalo sisi wa zamani tulifundishwa vibaya, nakiri. Injini za ndege nyingi za abiria zimening'inia chini ya mabawa, na msukumo wake unapita chini ya kitovu cha uzito, kwa hiyo ukiongeza nguvu ghafla pua huinuka. Kwa miaka mingi mitihani ya urubani ilipima ni nani atatoka kwenye onyo la stoli kwa kupoteza futi chache zaidi. Mwanafunzi akajifunza kusukuma injini mbele, kuishikilia pua isishuke, na kujitoa kwa nguvu tu. Tulimpa alama nzuri. Tulikuwa tunamfundisha kuogopa kupoteza mwinuko kuliko kuogopa pembe.

Matunda yake yalionekana Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009. Ndege ya panga-boi aina ya Q400 ya Colgan Air ilikuwa inakaribia kutua usiku, marubani wakipiga soga, kasi ikashuka bila wao kuona. Kitikisa-usukani kikaanza kwenye noti 131. Wakati huo ndege ilikuwa bado haijaingia kwenye stoli, kwa sababu swichi ya hali ya barafu ilikuwa imewekwa mahali panapofanya onyo lije mapema zaidi; kushusha pua kidogo na kuongeza nguvu kungetosha. Kapteni akavuta. Kisukuma-usukani, chombo kinachousukuma usukani mbele chenyewe stoli inapofika, kikasukuma, naye akashindana nacho. Rubani msaidizi akakunja flapi, zile sehemu za nyuma ya bawa zinazoteremshwa kulisaidia linyanyue kwa mwendo mdogo, bila kuombwa, jambo lililolinyang'anya bawa msaada uliobaki. Wakafa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Baada ya Buffalo na Atlantiki ndipo watengenezaji wakubwa na mamlaka wakakubaliana juu ya mpangilio mmoja. Zima mfumo wa kujiendesha na ule wa kuongoza injini. Shusha pua mpaka onyo liishe, ukihitaji ulegeze na bawa dogo la mkiani. Sawazisha mabawa. Nguvu ya injini inakuja baada ya hapo, na ni kwa kadiri inavyohitajika, wala si mpaka mwisho kwa pupa. Kunja breki za hewa, kisha rudi kwenye njia yako. Tazameni injini zilivyoshushwa daraja kwenye mpangilio huo. Kwa mtu wa rika langu hiyo ilikuwa kama kuambiwa swala ina mpangilio mwingine.

---

Msafiri wa Usiku:

Mzee, samahani kwa kuingilia. Hicho kisukuma-usukani kwa nini kiwepo? Kama rubani ameshatikiswa, na kusukumwa tena ni nini?

---

Mrukaji Mstaafu:

Ndugu, hakuna cha kusamehewa, ni swali zuri. Kuna ndege ambazo zikishaingia kwenye stoli hazitoki. Nyingi ni zile zenye bawa la mkia lililowekwa juu kabisa, kama herufi T, na injini nyuma. Pembe ikiwa kubwa mno, hewa iliyovurugwa na mabawa inaupiga mkia wenyewe, na usukani unakuwa kama usukani wa gari lililoinuliwa kwa jeki. Waingereza waliligundua kwa gharama tarehe 22 Oktoba 1963, ndege ya kwanza ya majaribio ya BAC One-Eleven ilipoanguka na wote saba waliokuwemo. Kisukuma-usukani kipo ili ndege isifike huko kabisa.

Lakini chombo cha kumzuia rubani kina adui mmoja, naye ni rubani asiyekiamini. Tarehe 18 Juni 1972, ndege aina ya Trident ya BEA, shirika la Uingereza, iliyoruka kutoka Heathrow, London, ilikunjiwa vifaa vya mbele ya bawa, vile vinavyolisaidia kunyanyua mwendo ukiwa mdogo, ikiwa na kasi pungufu kwa takriban noti 60. Kisukuma-usukani kikafanya kazi yake, kikarudia, na marubani wakakizima. Ndege ikaanguka karibu na Staines, wakafa wote 118.

---

Binti Ukerewe:

Mzee, swali la mwisho kabla sijalala. Je, rubani wa leo anaonjeshwa stoli yenyewe, au anaishia kwenye kengele?

---

Mrukaji Mstaafu:

Kwa miaka mingi aliishia kwenye kengele, kwa sababu viigizi vya kufundishia havikujua ndege inafanya nini baada ya hapo. Mahesabu yake yalikoma mpakani. Marekani iliyalazimisha mashirika yake kufundisha stoli kamili kwenye viigizi vilivyoboreshwa kuanzia Machi 2019, na sehemu nyingine za dunia zimeelekea hukohuko.

Anachokutana nacho mwanafunzi mle ndani ni mtetemeko mzito tofauti na ule wa mota ya usukani, mabawa yanayumba huku na huku, na pua haitii upesi. Karibu wote husukuma vizuri mara ya kwanza. Kosa huja sekunde chache baadaye: kengele imenyamaza, kipimo cha mwinuko kinazunguka kinyume kwa kasi, na mikono inaanza kuvuta kabla kasi haijatosha. Ndege ikiwa juu sana, kutoka kwenye stoli kunaweza kula maelfu ya futi, na lazima uziachie ziende. Anayevuta mapema huisikia kengele mara ya pili, na safari hii ana mwinuko mdogo kuliko aliokuwa nao mwanzo.